Wari 5,000 na barabara ya Kibati

Uzi wa chini hauagi. Wa juu kila mtu anauona: umesimama kwenye kijiti chake, unapungua machoni pa fundi, na ukikatika kazi inasimama. Wa chini umefungiwa kwenye kisanduku cha chuma chini ya bamba, na siku ukiisha cherehani haina habari. Pedali inakwenda, sindano inapanda na kushuka, kitambaa kinasogea kwa utii. Fundi anamaliza mstari mzima, anageuza kazi, anakuta hakushona kitu. Kuna safu ya matundu tu, yamefuatana kama siafu, na uzi wa juu umelala hapo bila mshiko. Ukiuvuta kwa kucha unakuja wote.

Kwa gauni, hilo ni jambo dogo; fundi anajaza kaneti, kile kigurudumu cha uzi wa chini, na kurudia. Kwa mfarishi ni habari nyingine. Mfarishi una matabaka matatu: viraka vya vitenge juu, pamba au blanketi kuukuu katikati, shuka chini. Mistari inayoyashika matabaka hayo huanzia ukingo mmoja na kuishia wa pili, na rangi ya uzi wake ni sehemu ya urembo. Uzi huo ukiishia katikati ya kitanda, na dukani ukabaki wa rangi inayofanana tu, mfarishi utabaki na kovu maisha yake yote. Kwa hiyo swali la uzi kiasi gani huulizwa kabla ya mkasi kugusa kitambaa. Na kuna mahali ambapo swali hilo ni zito kuliko kwingine.

Kibati iko kilomita kama 10 kaskazini mwa Goma, kwenye Barabara ya Taifa namba 2, ile inayokwenda Kibumba, Rumangabo na Rutshuru. Wageni waliijua kwa sababu ndipo kilipokuwa kituo cha walinzi wa Hifadhi ya Virunga ambako safari ya kupanda volkano ya Nyiragongo ilianzia. Mpandaji akiwa bado hajapiga hatua ya kwanza, tayari alikuwa karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kilele kiko mita 3,470. Mtu aliyelala hapo kwenye nyumba ya mbao, upepo ukipita kati ya ubao na ubao, hahitaji kuelezwa usiku wake ukoje. Huku mfarishi si pambo la kitanda cha wageni.

Cherehani nayo si ngeni kwenye barabara hii. Kituo cha Don Bosco Ngangi, upande wa kaskazini wa mji wa Goma, kimefundisha vijana kukata na kushona pamoja na kazi nyingine za mikono. HEAL Africa, hospitali ya Goma iliyoanzishwa na Jo na Lyn Lusi, iliwafundisha kushona wanawake waliofika kutibiwa majeraha ya vita. Mbele zaidi, Rumangabo, kwenye makao makuu ya hifadhi, wajane wa walinzi waliouawa kazini walipata karakana yao ya ushonaji. Ngangi iko kusini, Rumangabo kaskazini, na Kibati iko kati yake.

Malighafi ya viraka haiuzwi, inafagiliwa. Kitenge nchini Kongo huuzwa kwa pisi ya wari 6, na pisi moja hukatwa mapande matatu ya wari 2. Blauzi na sketi zikishakatwa, chini ya meza hubaki pembe za kwapa, hilali za shingo, na vipande virefu vya ukingo vyenye jina la kiwanda. Vipande hivyo vikikusanywa miezi mitatu vinatosha kitanda. Kitu pekee cha kununua ni uzi.

Na viraka Kongo havikuletwa na mtu. Wakuba wa Kasai wana vitambaa vyao vya nyuzi za mwale, vilivyobandikwa maumbo meusi na mekundu, na inasimuliwa kwamba viraka hivyo vilianza kama njia ya kuziba matundu yaliyotokea kitambaa kilipokuwa kikitwangwa ili kilainike. Kwa Mkuba, swali la uzi kiasi gani lilijibiwa na mti: uzi ulikuwa mrefu kama jani la mwale lilivyo, na pande la kitambaa halikuweza kuzidi hapo. Aliyetaka sketi ndefu aliunganisha mapande mengi. Hakukuwa na koni ya kukadiria.

Koni ilikuja na cherehani. Mashine ya nyumbani hushona kwa nyuzi mbili zinazonasana katikati ya kitambaa. Elias Howe alipata hataza ya mshono huo Marekani mwaka 1846, Isaac Singer akapata hataza ya mashine yake bora zaidi mwaka 1851, na tangu hapo uzi haujabadili mwendo. Kila sindano inaposhuka, uzi wa juu unazama, unaukamata wa chini, unapanda nao. Kwa sababu hiyo mita moja ya mshono haiwezi kula mita mbili kamili, lazima izidi. Coats, kampuni ya uzi iliyozaliwa Paisley huko Uskoti, huwapa wenye viwanda kipimo cha mita 2.5 kwa kila mita ya mshono wa namna hii, nusu ya juu na nusu ya chini. Overloki ya nyuzi tatu, ile ya kufunga kingo zisichanike, hula mita 14. Mwenye overloki asihesabu kabisa; anunue tu.

Lakini 2.5 ni namba ya kitambaa cha kawaida. Blanketi likiingia katikati, kila hatua ya sindano inasafiri mbali zaidi kwenda chini na kurudi. Fundi mwangalifu huweka 3. Mwangalifu zaidi hapendi namba ya mtu mwingine, anajitafutia yake: anachukua kipande chenye matabaka yaleyale matatu, anashona sentimita 50, halafu anaufumua uzi wa juu taratibu kwa ncha ya sindano bila kuukata, na kuunyoosha kwenye rula. Ukitoka na sentimita 70, basi juu na chini pamoja ni 140, na kila mita ya mshono wake inakula mita 2.8. Namba hiyo ni ya mashine yake, blanketi lake, na jinsi yeye mwenyewe anavyokaza skrubu ya uzi. Hakuna kampuni ya Uskoti inayoweza kumjulisha hilo.

Sasa mfarishi wenyewe. Chukua wa mita 1.5 kwa 2.1, unaomtosha mtu mzima mmoja hadi miguuni. Viraka vyake ni vya mraba, sentimita 15 kila upande vikishashonwa: 10 kwa upana, 14 kwa urefu, jumla 140. Kuviunganisha kunahitaji mishono 9 mirefu na 13 ya kukata upana, mita 38 na kitu. Mara 2.5, ni mita 96. Wengi huishia hapo wakidhani wamemaliza, kwa sababu mfarishi unaonekana, rangi zimekaa, jirani amekuja kuusifu. Kumbe bado. Mistari ya kuyashika matabaka ikipita kwa urefu kila baada ya sentimita 5, jumla yake ni mita 63. Ikipita tena kwa upana ili kufanya vyumba vidogo, ni mita nyingine 63. Hizo 126, mara 3, ni mita 378. Inabaki taraza ya kuzunguka kingo, mita 7.2, inayopitiwa mara mbili: mita 43. Yote pamoja 517. Ongeza 15 kwa mia kwa ajili ya mikia, uzi wa kukatika na makosa ya kufumua, unafika karibu mita 595.

Ziangalie tena namba hizo. Kazi inayosifiwa na jirani, ya kuunganisha viraka na kupanga rangi, imekula mita 96. Kazi isiyosifiwa, ya kupitisha mistari ili blanketi lisijikusanye pembeni kama mtoto aliyenuna, imekula karibu mara nne yake. Mwenye kupenda mistari ya karibukaribu, ya kila sentimita 2.5, ataona 378 inageuka 756, na mfarishi mzima unapita mita 1,000. Hakuna kiraka kilichoongezeka, wala kitanda hakikukua. Kati ya yote yanayoamua uzi kiasi gani, upana wa mfarishi ni ndugu mdogo. Mkubwa ni nafasi kati ya mstari na mstari.

Hesabu hii ndiyo pia dawa ya ule uzi usioaga. Kati ya mita 517, nusu zinapita chini: mita 258. Kaneti ikibeba mita 50, zinahitajika sita. Anayelijua hilo hujaza zote sita kabla ya kuanza, anazipanga kwenye kifuniko cha kopo la maziwa, na kila inapotoka moja anajua imebaki mistari mingapi. Mistari mirefu ni 30, kila mmoja mita 2.1, na kila mmoja unameza mita 3 na ushei za uzi wa chini. Kaneti moja basi ni mistari 15. Akifika wa kumi na tano, anabadilisha hata kama kaneti haijaisha. Uzi unaobaki kidogo unatumika kupigia bandi kesho.

Bandi yenyewe husahaulika kwenye makadirio. Kabla ya mashine, matabaka yale hupigwa bandi kwa mkono, mishono mirefu ya kuyatuliza yasiteleze, na huo ni uzi unaofumuliwa baadaye na kutupwa. Hapa wakazi wa nchi iliyolishwa kwa magunia wana akiba ambayo Paisley haikuifikiria. Mdomo wa gunia la unga hufungwa kwa mshono wa mnyororo, ule ambao ukiipata ncha yake sahihi unafumuka wote kwa mvuto mmoja. Ukikosea ncha, unagoma kabisa. Mshono wa mnyororo wa uzi mmoja hula kama mita 4 kwa kila mita, kwa hiyo gunia lenye mdomo wa nusu mita linampa fundi karibu mita 2 za uzi imara. Ni mnene mno kwa sindano ya cherehani, lakini kwa bandi hakuna ulio bora.

Hesabu ikishapatikana, kazi ni kuisema dukani, na hapo Kiswahili chenyewe kina mchezo wake. Goma, bobini ni uzi wenyewe unaouzwa, umezungushwa kwenye kigurudumu chake, kama Mfaransa anavyosema. Kile kidogo cha chini ni kaneti. Mombasa na Dar es Salaam, bobini ni kile kidogo cha chini, kwa kuwa huko neno lilipita mlango wa Mwingereza. Mshonaji wa Kibati akisimama mbele ya duka la Kariakoo na kusema, “Dada, unipatie bobini tano,” atajibiwa, “Za cherehani gani, mama?” na kuwekewa mkononi vichuma vitano vitupu. Wote wawili wamesema Kiswahili fasaha.

Halafu kuna lebo. Wabelgiji waliiachia Kongo mita na kilo, lakini koni ya uzi inayotoka China huandikwa YDS, na koni ya kawaida ni ya yadi 5,000. Mswahili wa zamani asingebabaika hata kidogo, maana wari ni yadi. Shibiri mbili ni mkono, mikono miwili ni wari, wari mbili ni pima, na pima ni mikono ya mtu ikinyooshwa kushoto na kulia. Koni moja ni pima 2,500. Kwa mita ni 4,572, na mfarishi wa mita 595 unaingia humo mara saba, kisha uzi unabaki wa kukaribia wa nane bila kuufikisha.

Ikiwa lebo inasema kweli, lakini. Kigogo cha plastiki kikiwa kinene, koni inashiba machoni na kuwa na njaa ndani. Kuna njia ya kuithibitisha isiyotaka kuufungua uzi. Kwenye lebo pia huandikwa 40/2. Maana yake ni uzi wa namba 40, nyuzi mbili zimesokotwa pamoja, na namba 40 ni kanuni ya viwanda vya pamba vya Kiingereza: vitita 40 vya yadi 840 kila kimoja vinatoa ratili moja. Ukifuata hesabu hiyo, yadi 5,000 za 40/2 zina uzito wa gramu kama 135 bila kigogo. Koni inayoonyesha gramu 135 pamoja na kigogo imepunguzwa. Goma imejaa mizani midogo ya kupimia gramu, ila iko kwenye meza za wanunuzi wa dhahabu, na si kila muuza uzi wa Birere, mtaa wa biashara wa Goma, atafurahi ukimwomba mkaipitie.

Mpaka hapa ni hesabu ya darasa la sita, na ingetosha kwa mshonaji wa Nairobi au Muscat. Akikosea, anavuka mtaa. Kwa Kibati kuna namba moja zaidi isiyoandikwa kwenye lebo yoyote, nayo ni siku ambazo barabara itakuwa wazi.

Mwishoni mwa Oktoba 2008, wapiganaji wa CNDP wa Laurent Nkunda walikaribia Goma, na Kibati ikajaa kambi za waliokimbia. Ilikuwa karibu mno na mstari wa mapigano, ikabidi mashirika yaanze kuwahamishia Mugunga, upande wa pili wa mji. Novemba 2012 waasi wa M23 walishuka kwa barabara hii hadi ndani ya Goma. Agosti 2013 vilima vya Kibati vilikuwa uwanja wa vita kati yao na jeshi la Kongo likisaidiwa na kikosi maalumu cha Umoja wa Mataifa, chenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Tanzania ilizika mmoja wa maofisa wake baada ya mapigano hayo. Jioni ya Mei 22, 2021 haikuwa vita. Nyiragongo ilipasuka ubavuni, uji wa moto ukaikata Barabara namba 2 na kusimama Buhene, kwenye mlango wa mji, na siku zilizofuata watu walivuka kwa miguu juu ya mwamba ambao ulikuwa ungali moto. Novemba 2022 waliotoka Rutshuru na Kibumba walijazana Kanyaruchinya, chini kidogo tu ya Kibati. Januari 27, 2025 M23 waliingia Goma tena. Benki za mji zikafunga, na mwezi uliofuata kambi zikaondolewa.

Hiyo ni miaka 16 na ushei, na barabara moja. Chukudu, zile skuta za mbao za kubebea mizigo, zinazoteremka na kabichi na makaa kutoka Kibumba hupita hapo asubuhi, siku ambazo zinapita. Mfarishi mmoja, kwa mtu mwenye shamba na watoto, ni kazi ya wiki nyingi za vipande vya jioni. Kwa hiyo anayekadiria uzi Kibati anakadiria mambo mawili kwa pamoja bila kutaka: mshono una urefu gani, na je, siku ya mstari wa mwisho ataweza kufika Birere kununua uzi wa rangi ileile.

Jibu la haraka ni kununua mwingi. Akiba haiozi, walisema wahenga, ila hawakuwa wakisema juu ya uzi wa pamba. Uzi wa pamba kwenye nyumba yenye unyevu unapoteza nguvu mwaka hadi mwaka. Utaujua ukiuvuta kati ya vidole viwili: ukikatika bila mlio, umekufa. Wa polyester unavumilia zaidi, lakini nao haupendi jua la dirishani. Na kuna jambo la fedha. Koni tatu za rangi tatu zilizolala kwenye sanduku ni fedha iliyolala, katika nyumba ambayo fedha yake inasubiriwa na ada ya shule na chumvi. Anayemshauri mshonaji wa Kibati ajaze kabati ya uzi hajawahi kuhesabu noti za jirani yake.

Jibu la pili ni kununua kidogokidogo, bobini kwa bobini, kadiri kazi inavyokwenda. Ndilo jibu la wengi, na si la ujinga. Siku ya kukimbia, kichwa cha cherehani hufunguliwa skrubu mbili na kutolewa kwenye meza. Meza na miguu ya chuma hubaki. Anayebeba kichwa cha chuma mgongoni na mtoto mkononi hataki kubeba na duka. Lakini bobini ya leo na ya mwezi ujao si lazima zitoke kwenye pipa moja la rangi kiwandani. Nyeusi mbili zinaweza kutofautiana mchana kweupe, na kwenye mfarishi mstari wa tofauti hiyo unaonekana kutoka mlangoni.

Historia ya uzi imejaa njia zilizofungwa. Mwaka 1806, Napoleon alipoifungia Uingereza biashara na bara la Ulaya, hariri ikaadimika Paisley. Ndipo Patrick Clark akasokota pamba hadi ikawa laini na imara kama hariri, na uzi wa pamba wa kushonea ukazaliwa. Ukoo wake uliuuza kwenye vigurudumu vya mbao, na mnunuzi aliweka amana ya nusu peni aliyorudishiwa akirudisha kigurudumu kitupu. Na kule Alabama, Marekani, wanawake weusi wa Gee's Bend, ambao mifarishi yao ilitundikwa kwenye makumbusho ya sanaa ya Houston mwaka 2002, walinyang'anywa kivuko chao mwaka 1962, walipoanza kwenda mjini kujiandikisha kupiga kura. Kilirudi mwaka 2006. Kwa miaka yote hiyo mji ulikuwa ng'ambo ya maji, unaonekana, na kuufikia ni kuzunguka mbali. Walishona walichokuwa nacho: jinzi za shambani, magunia, mashati ya marehemu. Na watu wamesafiri kutoka mbali kuja kuiangalia mifarishi hiyo.

Kati ya kununua mwingi na kununua kidogo kuna njia ya katikati, na inatokana na rangi zaidi ya urefu. Makosa ya wanaoanza ni kuchagua uzi wa kufanana na kiraka wanachokipenda: nyekundu kwa kitenge chekundu, kijani kwa kijani. Uzi wa namna hiyo una mume mmoja tu. Mfarishi ukiisha, zaidi ya robo tatu ya koni inabaki ikisubiri kitenge kingine chekundu kama kile, ambacho huenda kisije. Wapo wanaonunua nyeupe wakidhani imekubaliana na kila kitu. Juu ya kitenge cheusi au cha buluu iliyokolea kila hatua ya sindano inang'aa kama meno, na kosa la pedali iliyorudi nyuma, ambayo kwenye mashine ya miguu hutokea kila mtu anapotazama pembeni, linasomeka hadi upande wa pili wa chumba. Nyeusi ina ubaya uleule kwenye vitambaa vyeupe.

Rangi inayozama kwenye vitenge karibu vyote, vyeupe na vyeusi, vya zamani na vipya, ni kijivu cha wastani. Haifanani na kiraka chochote, kwa hiyo haigombani na chochote. Koni moja ya kijivu si koni ya mfarishi huu. Ni ya mfarishi huu na wa pili na shati la shule na pindo la pazia, na isipotumika mwaka huu inatumika mwakani. Fedha yake hailali. Ikibidi kukimbia, ni gramu 135 na kigogo. Ikibidi kubaki miezi mitatu barabara imefungwa, inatosha vitanda saba.

Kwa hiyo, kwa fundi wa Kibati aliye na fedha ya koni moja tu: mistari ya kila sentimita 5, kaneti sita zijazwe kwanza, bandi kwa uzi wa gunia, na koni iwe ya wari 5,000, 40/2, polyester, rangi ya kijivu. Ajaribu kwanza sentimita 50, afumue, apime, na namba atakayoipata aiandike kwa chaki chini ya meza ya cherehani. Akiihama meza, aiandike pia kwenye karatasi.